Maneno ya Kale Katika Ofisi za Leo

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaosoma shuleni kwetu hivi sasa,

Mhariri wa jarida letu ameniomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, akaniachia uhuru wa kuchagua jambo la kuandika. Nimechagua jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, nalo ni maneno tunayoitana kazini. Katika utumishi wa umma naliona likizua manung'uniko kila mara. Afisa anayekaribia kustaafu anamwita karani mpya "binti", au anamwita mhudumu wa ofisi "kijana" na hali mhudumu huyo ana wajukuu. Aliyeitwa ananyamaza siku nyingi, kisha siku moja analipeleka shauri kwa Afisa Utumishi. Mzee anashangaa. Anasema kwamba ndivyo walivyoitana tangu zamani, na anauliza tusi liko wapi. Vijana nao wanamjibu kwamba hiyo zamani imekwisha.

Kila upande una hoja, wala sitaki kuupuuza wowote. Lakini kabla hatujaamua, yafaa tuitazame historia ya maneno yenyewe, maana kila moja lilitoka mahali na lilitumiwa na watu fulani kwa watu fulani. Nitajaribu kuonyesha kwamba uzee wa neno si kosa lake. Neno huwa dharau pale linapokwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwenye nguvu kumwendea asiye na nguvu, na huyu wa pili hana ruhusa ya kulirudisha.

Waungwana na washenzi

Tuanzie pwani, kwa kuwa lugha yetu ilianzia huko. Katika karne ya 19 miji ya pwani iliwagawa watu kwa majina. Mwenyeji wa mji, mtu huru na mwenye dini, aliitwa mwungwana. Mtumwa mwanamume aliitwa mtwana, na mwanamke mjakazi. Mtu wa bara aliitwa mshenzi. Wakati huo neno mshenzi halikuwa tusi la mtu mmoja aliyefanya jambo baya. Lilikuwa jina la watu wote wa bara, na kwa hesabu hiyo mababu zetu wote wa ukanda huu wa ziwa, wavuvi, wakulima na wafugaji, walikuwa washenzi hata kabla hawajaonekana na mtu. Neno la kinyume chake, ustaarabu, nalo linabeba ndani yake jina la Waarabu: kustaarabika kulikuwa ni kufuata mwenendo wao.

Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliwatumia maakida na maliwali, wengi wao watu wa pwani, kutawala bara. Hivyo lugha ya pwani iliingia barazani pamoja na vipimo vyake vya watu. Leo anayemwita mwenzake mshenzi hana habari ya waungwana wala ya misafara. Lakini mwelekeo wa neno haujabadilika: bado linatoka kwa anayejiona yuko juu.

Utumwa wenyewe ulichelewa kufutwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka huo wa 1922 si wa zamani mno. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka huo huo. Kwa hiyo wazee waliotufundisha baba zetu walikuwa wamewaona kwa macho yao watu waliowahi kuitwa watwana na wajakazi.

Boi na Bwana

Utawala wa kikoloni ulileta maneno mengine. Katika enzi ya Wajerumani mfanyakazi aliyekosa aliijua "hamsa ishirini", yaani viboko 25. Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, neno lililoenea majumbani na maofisini lilikuwa boi. Boi alikuwa mtumishi mwanamume wa umri wowote. Mtu wa miaka 50 aliyeoza mabinti zake aliitwa boi na mtoto wa bwana wake, naye akaitika. Msafisha vyoo vya mji aliitwa topasi, jina lililotoka Bara Hindi. Juu yao wote alikuwapo Bwana, na juu ya Bwana alikuwapo Bwana Mkubwa. Mkuu aliyesikiliza kesi wilayani aliitwa Bwana Shauri.

Maneno haya yalikwenda sambamba na mshahara. Kada za utumishi zilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mwafrika aliyesoma akawa karani alikuwa bado chini ya mstari uleule, hata kama alifanya kazi sawa na ya aliyekuwa juu yake. Kwa sababu hiyo makarani na walimu walikuwa wa kwanza kuungana. Mwaka 1922, mjini Tanga, watumishi wa Serikali wa Kiafrika waliunda chama chao chini ya Martin Kayamba. Walikuwa watu wa adabu, wenye kuvaa vizuri na kuandika barua nzuri, na jambo kubwa walilotaka ni kutambuliwa kuwa watu wazima. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Hapo madai ya heshima na madai ya mshahara yaliwekwa pamoja mezani.

Sasa tazameni yaliyoyapata maneno mawili ya enzi ileile. Boi limekufa ofisini, na hakuna anayelililia. Lakini bwana linaishi. Leo wahudumu wawili wanaitana "bwana" wakiwa wanakunywa chai, dereva anamwambia mkurugenzi "hapana bwana, barabara ile ni mbovu", na hapana anayekasirika. Mtaalamu wa kilimo kijijini bado anaitwa Bwana Shamba, na wa kike Bibi Shamba, nao huitika kwa furaha. Kwa nini moja lilikufa na jingine likapona? Yote mawili yalitumiwa katika enzi ileile. Tofauti ni kwamba bwana liliacha kwenda upande mmoja. Watu wote walilichukua wakaitana kwalo, likapoteza ubwana wake. Boi halikuweza kurudishwa. Hakuna aliyepata kumwita Bwana Shauri "boi" akarudi kazini kesho yake.

Hata hivyo boi aliacha wajukuu. Majumbani mwetu bado tunasema hausiboi na hausigeli, na vijana wa mjini wamebuni "beki tatu". Mwaka 2011 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Jina hilo, mfanyakazi wa nyumbani, ni refu kidogo, lakini linamtaja mtu kwa kazi anayoifanya. Nyumba ni mahali pa kazi kwa yule anayelipwa kuifanyia kazi. Mwenye kudai heshima ofisini kwake asubuhi yampasa aitoe nyumbani kwake jioni.

Ndugu

Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 kilichagua neno ndugu. Lilikuwa neno la kawaida la nyumbani, lakini kazi lililopewa ilikuwa kubwa. Waziri na mfagiaji wote walikuwa Ndugu. Rais mwenyewe alipendelea kuitwa Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya, kuliko majina makubwa ya utawala. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Kiswahili kilitiliwa mkazo kiwe lugha ya shughuli za Serikali. Barua za ofisi zikaanza na Ndugu. Aliye juu aliliandika kwa aliye chini, na aliye chini aliliandika kwa aliye juu.

Lakini neno peke yake halikutosha. Viongozi wengine walisema Ndugu mdomoni huku wakiwakemea wafanyakazi kama zamani. Ndipo mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikakataza viongozi kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma kifungu hicho wakakishika. Kati ya mwaka 1971 na 1973 palitokea migomo mingi, hasa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya malalamiko haikuhusu mshahara. Ilihusu jinsi mameneja walivyosema nao. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifikia kukitwaa kiwanda chenyewe, na mwisho wake haukuwa mwema kwao, kwani baadhi yao walipoteza kazi. Si nia yangu kuhukumu hapa kama walifanya vema. Nataka vijana wajue kwamba wako watu katika nchi hii waliohatarisha mkate wao kwa sababu ya lugha ya mkubwa wa kazi. Kwa hiyo anayesema kwamba kulalamikia maneno ni ulaini wa kizazi cha simu hajaisoma historia yetu.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, neno Ndugu lilipungua nguvu na Mheshimiwa likapanda. Katika vikao vya CCM Ndugu bado lasikika, lakini katika mabaraza ya madiwani na Bungeni ni Mheshimiwa. Sioni tusi katika neno Mheshimiwa. Naona tu kwamba limeturudisha kwenye njia ya upande mmoja: diwani huitwa Mheshimiwa na mwananchi, lakini mwananchi anapofika kutoa shida yake ni mara chache sana kuitwa hivyo.

Utani na mipaka yake

Wako watakaosema, "Lakini sisi ni watu wa utani. Mkiondoa utani ofisini, ofisi itakuwa kaburi." Ni kweli kwamba utani ni mali yetu. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana tangu siku za misafara ya pwani, na makabila mengi yana watani wao. Mtani anaweza kukuita jina ambalo mtu mwingine angekuitia angefikishwa barazani. Lakini tukumbuke sheria zake. Kwanza, utani ni wa pande mbili: ukinitania, nami nakutania, wala hakuna mwenye cheo kati yetu. Pili, utani una wajibu. Mtani wako ndiye anayekuja msibani, anashika kazi, anawachekesha waliofiwa ili wapate nguvu. Haki ya kusema ilinunuliwa kwa wajibu wa kusaidia.

Sasa pimeni utani wa ofisini kwa sheria hizo. Mtu wa Mara akiajiriwa Dar es Salaam au Dodoma huitwa "Mkurya" siku ya kwanza, awe Mjita, Mkwaya, Mruri, Mzanaki, Mwikizu, Mngoreme au Mjaluo. Kisha huulizwa panga lake liko wapi. Wakati wa chai hilo laweza kuwa mzaha mwema, naye ana majibu yake. Lakini mkuu wa idara akilisema mbele ya kikao, wakati wa kuchagua nani apewe usimamizi, akaongeza kwamba "watu wa kule wana hasira", hapo utani umekwisha. Aliyesemwa hawezi kumrudishia mkuu wake, naye ameshapunguziwa nafasi.

Sisi wa Mara nasi tujitazame, tusilie tu kwamba tunaonewa. Katika Kikurya mwanamke asiyekeketwa huitwa omosagane. Ni neno la kale sana, na wazee hulitamka kama wanavyotaja rangi ya ng'ombe. Lakini muuguzi au mwalimu wa kike anayepangiwa kazi Tarime au Serengeti, akiitwa hivyo na watu anaowahudumia au na wafanyakazi wenzake, ameambiwa kwamba si mtu mzima na kwamba maneno yake hayana uzito. Binti wa shule akiitwa hivyo, anasukumwa kuelekea kisu. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi imefanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Haifai kuliacha neno liendelee na kazi ambayo sheria imeikataza. Hapa hoja ya "ndivyo tulivyosema tangu zamani" haina mahali pa kusimama.

Mwenye jina aulizwe

Basi tufanyeje tunapokuwa na shaka? Jibu langu ni jepesi: mwenye kuitwa aulizwe.

Neno zeruzeru lilikuwa la kawaida katika nchi nzima. Watu wenye hali hiyo walianzisha chama chao mwaka 1978 na kukiita cha albino, na baadaye wakaona ni bora waitwe watu wenye ualbino, ili utu utangulie na hali ifuate. Wengine waliona hayo ni mapambo ya lugha. Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yakatikisa nchi, hasa huku Kanda ya Ziwa. Mitaani walizomewa "dili", kana kwamba ni bidhaa. Hapo kila mtu aliona jinsi neno linavyoweza kumtoa mtu katika hesabu ya watu. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani. Wote wawili wana ualbino, na wote wawili waliketi mahali pa kuitwa Waheshimiwa.

Lakini tusidhani kwamba kila neno la kale ni lazima litupwe. Wako wanaoogopa kusema kiziwi, wakadhani ni tusi, wakabuni maneno marefu ya kulizunguka. Viziwi wenyewe wana chama chao, nacho kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Wamelichagua jina hilo, na wanalolikataa ni bubu, kwa sababu wana lugha yao ya alama na wanaongea kwa mikono. Asiyewauliza angekosea mara mbili: angelikwepa jina wanalolipenda na kulitumia wanalolichukia.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, ikiwamo kabila, jinsia, umri na ulemavu, na inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Hata hivyo sheria haiwezi kukaa katika kila meza ya chai. Humkamata mwenye kukithiri, lakini adabu ya kila siku ni juu yetu wenyewe.

Shikamoo

Nimeacha neno gumu kuliko yote mpaka mwisho. Husemwa kwamba shikamoo maana yake ni "naishika miguu yako", na kwamba katika karne ya 19 ilikuwa salamu ya mtumwa na mnyonge kwa bwana wake. Wako wasomi wanaotaka iondolewe maofisini kwa sababu hiyo. Mimi siungani nao, kwa kipimo kilekile nilichokitumia tangu mwanzo. Shikamoo ya leo inafuata umri. Anayeitoa leo ataipokea akizeeka, na anayeipokea leo aliitoa alipokuwa mdogo. Kwa hiyo ni neno linalorudi, ingawa linachukua miaka kurudi. Watu waliichukua salamu ya watumwa wakaifanya heshima ya umri, na hilo si jambo la kuonea aibu.

Lakini angalieni linapogeuzwa. Mkurugenzi wa miaka 35 anayengoja shikamoo kutoka kwa mfagiaji wa miaka 58, na kukunja uso asipoipata, ameirudisha salamu hiyo kwa mtumwa na bwana. Umri ungemtaka yeye aitoe.

Kwa wazee na kwa vijana

Kwa wakubwa zangu mliomo kazini, ombi langu ni hili. Mkiambiwa kwamba neno fulani linamuumiza mtu, msianze na kujitetea kwamba nia ilikuwa njema. Nia njema inaaminika, lakini haiondoi maumivu. Mwiteni mtu kwa jina lake au kwa kazi yake, na aliye na wajukuu msimwite kijana. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kwa wenzangu wa umri wangu na vijana wanaotufuata, msimhukumu mzee kwa neno kabla ya kutazama linakwendaje. Mzee anayekuita "mwanangu", naye akakufundisha kazi, akakutetea kwenye kikao, na akakubali umwite "baba", hajakudharau. Mwambieni kwa upole mnachopendelea, faraghani, kabla ya kulipeleka shauri mbele.

Na kwa wanafunzi mlioko shuleni sasa: ninyi mna neno lenu, njuka. Kila mgeni wa kidato cha kwanza huitwa hivyo, na mwakani atakuwa mwenyeji. Kama linaishia hapo, ni mzaha wa shule. Lakini njuka anayefulishwa nguo za wakubwa kwa sababu ni njuka, au anayenyimwa nafasi katika foleni ya chakula kila siku, ameshaanza kujifunza kuwa boi, na anayemtuma ameshaanza kujifunza kuwa Bwana Mkubwa. Wote wawili watakuja kukaa katika ofisi za nchi hii. Viranja walichunge jambo hilo tangu sasa, humo mabwenini.

Nawatakieni nyote mkutano mwema na safari njema za kurudi makwenu.

Mwanafunzi wa zamani, Mtumishi wa Umma